Umemulika mdomo wa mgonjwa umeona kitu hukijui: ukiache au umpeleke kwa daktari wa meno?

Haya nawaandikia hasa manesi wapya na wanafunzi wanaokuja kufanya mafunzo ya vitendo huku kwetu visiwani, mana kila kundi likija mambo ni yale yale. Mtu kaambiwa amfanyie mgonjwa usafi wa kinywa, anamulika tochi, anaona weupe au uvimbe au weusi, alafu moja katika mawili, ama anamkimbilia daktari saa nane ya usiku kwa kitu ambacho mgonjwa kazaliwa nacho, ama anaandika "kinywa kizuri" anafunga faili na huku pembeni ya ulimi pana kidonda kina mwezi mzima. Yote mawili yanakuja kwa sababu moja, kutazama kwa macho tu bila ya kushika.

Kwa hivo kabla hujakipa jina chochote fanya mambo manne. Shika kwa kidole: kigumu au laini, kinachezacheza au kimeganda, kinauma? Futa kwa gozi kavu (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda): kinatoka au hakitoki, na kikitoka chini yake pakoje? Vuta shavu au mdomo: kinapotea ukivuta au kinabaki pale pale? Alafu uliza kina muda gani, na wakati huo huo tazama upande wa pili, mana kitu kilichopo kulia na kushoto sawasawa mara nyingi ni maumbile, na kilichopo upande mmoja peke yake ndo cha kukitilia shaka.

Glovu lazima, hata kama mgonjwa ni shangazi yako. Malengelenge ya hapesi yanaweza kukuhamia kidoleni na yakikukaa kwenye ukucha utajuta. Tochi ya simu inatosha lakini mtu mwengine aishike, manake mkono wenye glovu ukishagusa simu ndo basi tena. Meno ya bandia yatolewe kwanza. Na usisahau sehemu mbili ambazo watu wote wanaziruka, chini ya ulimi na ubavuni mwa ulimi kule nyuma, unaushika ulimi kwa gozi unauvuta taratibu huku na huku. Ramadhani mgonjwa aliyefunga akikataa kutiwa maji mdomoni usishindane nae, msubiri afutari, na ulimi mkavu wenye utandu mzito mchana wa mfungo usiufanye ugonjwa.

Weupe

Hapa ndo penye makosa mengi kuliko kwengine kote. Ukiona ndani ya mashavu yote mawili pamekuwa na ukungu wa kijivu cheupe, mikunjo mikunjo hivi, ukifuta hautoki, basi livute shavu. Ukipotea ukivuta na ukarudi ukiachia, hiyo ni hali ya kawaida kabisa ya ngozi ya ndani ya kinywa, inaonekana sana kwa watu weusi na zaidi kwa wavutaji sigara, haitaki dawa. Nasema haitaki dawa kwa sababu nimeona watu wanaandikiwa nistatini, dawa ya fangasi, chupa juu ya chupa kwa kitu hiki, mgonjwa wa watu anapaka anachoka, weupe upo vile vile, mwisho anaanza kujiona ana maradhi makubwa yanayofichwa. Vitabu vyetu vina picha za vinywa vya Wazungu, kila kitu pinki, sasa ukija kwenye kinywa cha Mpemba unaona kila kitu kina kasoro.

Mstari mmoja mweupe uliolala kwenye shavu usawa wa meno yanapokutana, huo ni msuguano wa meno tu. Ukiwa umechanikachanika una vipande vinaning'inia, muulize kama ana tabia ya kujitafuna shavu, atacheka atakubali.

Weupe unaofutika ukaacha pekundu, pengine na damu kidogo, huo ni fangasi. Sio jambo la kuogopesha lenyewe lakini lina sababu na sababu ndo inayotafutwa: anatumia pampu ya pumu na hasukutui baada yake? kashapewa antibayotiki wiki nzima? sukari yake iko juu? meno ya bandia analala nayo? Kama hakuna hata moja na ni mtu mzima, basi mshauri apimwe VVU, kwa adabu na kwa siri, sio mbele ya watu waliokuja kumtazama. Hapo hapo kumbuka mistari myeupe iliyosimama wima ubavuni mwa ulimi isiyofutika, nayo inahusiana na kinga ya mwili kushuka, iandike.

Huku Pemba kuna weupe mwengine ambao sijauona kwenye kitabu cha skuli. Mtu jino linamuuma, anatia mafuta ya karafuu kwenye pamba anabana pale usiku kucha, au anaweka kidonge cha asprini kwenye fizi akiamini kitafanya kazi haraka zaidi, asubuhi ufizi umebabuka mweupe na ngozi inachunika. Ni kuungua huko. Mwambie aache, dawa ya maumivu inamezwa, asukutue maji ya chumvi vuguvugu, kwa kawaida panapona wiki moja au mbili. Jino lenyewe bado linataka daktari lakini ule weupe sio.

Weupe uliobaki sasa, yani usiofutika, usiopotea ukivuta, na hakuna kinachougusa, huo hauna mjadala, unapelekwa. Kukiwa na jino lililovunjika linalosugua pale pale, jino lishughulikiwe kwanza na paangaliwe tena baada ya wiki mbili. Ukiwa bado upo, nenda nao kwa daktari.

Punje punje

Punje ndogo za manjano hafifu kwenye mdomo wa juu au ndani ya mashavu, kama semolina iliyomwagika chini ya ngozi, milimita moja mpaka tatu, haziumi, zipo miaka. Ni tezi za mafuta zilizokaa mahala si pake, watu wazima wengi mno wanazo, zinaitwa kwa jina la daktari wa Marekani, Fordyce, aliyezieleza mwaka 1896. Vijana wa kiume huja wana wasiwasi wakidhani ni gonjwa la zinaa. Mwambie wazi si gonjwa na haambukizi mtu, na asizikamue.

Lakini mtoto mwenye homa, macho mekundu, kikohozi na mafua, ukamkuta na vidoa vyeupe vidogo sana juu ya wekundu ndani ya shavu usawa wa magego, huyo usimwambie mama yake ni mafuta. Hiyo ni dalili ya surua na inaweza kutangulia vipele vya mwilini kwa siku moja au mbili, kwa hivo mtoto anatengwa na taarifa inatolewa siku hiyo hiyo.

Na vile vinundu vikubwa vimepangana nyuma kabisa ya ulimi, viko kama nane mpaka kumi na mbili kwa umbo la V, ni sehemu ya ulimi. Kila mtu anavyo. Mtu anaviona siku aliyoumwa na koo akajimulika kwenye kioo, hapo ndo analala macho.

Ulimi wenyewe

Mabaka mekundu laini yenye mpaka mweupe, leo yako huku wiki ijayo yamehamia kule, mgonjwa anasema akila achari ya ndimu au urojo wenye pilipili nyingi panachoma. Hii haina madhara, haiambukizi, na hakuna dawa ya kuiondoa, mtu apunguze kinachomchoma basi. Dalili kubwa ni huko kuhama, kwa hivo mpige picha kwa simu yake mwenyewe (yake, sio yako) aje nayo akirudi.

Ulimi wenye mipasuko mirefu ni maumbile, chakula kinaingia ndani unatoa harufu, dawa yake ni mswaki. Ulimi mweusi wenye kama manyoya unawatisha watu sana, mzee wa barazani, vikombe vya kahawa havina idadi, sigara juu yake, au mtu katoka kwenye dozi ndefu ya antibayotiki, vile vinyweleo vya ulimi vimerefuka na vimeshika rangi. Apige mswaki ulimi, anywe maji, apunguze sigara.

Ulimi mwekundu mlaini uliokwanguka kote na haurudi hali yake, huo hauko kwenye kundi hili, huenda ni upungufu wa damu au vitamini. Apimwe.

Weusi na buluu

Fizi nyeusi kwetu ni kawaida, zimefuata pinde za meno sawasawa kulia na kushoto tangu utotoni. Kidoa cha kijivu cha buluu kwenye ufizi karibu na jino lililozibwa kwa amalgamu (madini ya zebaki na fedha) mara nyingi ni madini ya kuzibia yaliyoingia kwenye nyama. Mishipa ya buluu iliyovimba chini ya ulimi wa mzee nayo ni uzee tu, ukiibonyeza inafifia alafu inarudi.

Kinachotakiwa kukushtua ni weusi mpya kwa mtu mzima, unaopanuka, au uliosimama peke yake wenye kingo mbovu mbovu, na rangi ya zambarau kwenye kaakaa kwa mtu mwenye VVU. Huyo wa zambarau asisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Uvimbe

Nundu ngumu ya mfupa katikati ya kaakaa, au mbili ndani ya taya la chini kulia na kushoto, ngozi juu yake nzima, haiumi. Ni mfupa uliokua hivo, mwenyewe pengine hajui mpaka wewe umsafishe kinywa. Mwambie tu ngozi pale ni nyembamba, chai ya moto au mwiba wa changu unachubua haraka, na daktari wa usingizi au anayetengeneza meno ya bandia aambiwe mapema.

Kivimbe laini mdomo wa chini, kina rangi ya buluu hivi, kinapasuka kinatoka mate mazito alafu kinarudi, hicho ni kijimfereji cha mate kilichoumizwa, mara nyingi kwa kujiuma. Wenyewe wanakitoboa kwa sindano ya kushonea. Wakataze, hakiishi hivo na wanajitia uchafu tu, kinaondolewa na daktari pamoja na tezi yake. Kikiwa chini ya ulimi na kikubwa kiasi mtu anameza kwa shida, hiyo ni ya leo leo.

Mjamzito mwenye kinyama chekundu kwenye ufizi kinachotoa damu ukikigusa: aghlabu hupungua baada ya kujifungua, asafishe meno vizuri asiogope mswaki, na daktari wa meno akione tu.

Vidonda

Kidonda kidogo cha duara, kati kina manjano ya kijivu, pembeni duara jekundu, kiko ndani ya mdomo au shavuni au chini ya ulimi, kinauma mpaka mtu anashindwa kula: hicho cha kawaida, chini ya sentimita moja, kinaondoka chenyewe siku saba mpaka kumi na nne. Maji ya chumvi, asile pilipili na ndimu. Vikiwa vinarudi rudi kila mwezi apimwe damu, madini chuma na vitamini B12, na muulize kwa faragha kama ana vidonda sehemu za siri au macho yanamsumbua, mana hapo hadithi inabadilika.

Malengelenge madogo mengi yaliyokusanyika kwenye kaakaa gumu, fizi au ukingo wa mdomo ni hapesi, sio vidonda hivyo vya kawaida.

Sasa sikilizeni hili la maumivu. Watu wanadhani kinachouma sana ndo kibaya. Kwenye kinywa mara nyingi ni kinyume chake, saratani inapoanza huwa haiumi, mtu anakuja nacho miezi anasema "hakinisumbui". Kidonda kilichopita wiki mbili, kingo zake ngumu ukizishika, au shingoni pana tezi ngumu isiyouma, hicho rufaa, hata kama mwenyewe anacheka na wewe.

Watoto wachanga

Hapa kuna kazi ya mdomo wetu sisi kuliko mdomo wa mtoto. Vijipunje vyeupe katikati ya kaakaa la mtoto mchanga, au juu ya fizi, ni vifuko vidogo vya ngozi, vinaondoka vyenyewe baada ya wiki chache. Lakini bibi yake kashaviona kabla yako, na mtoto akiharisha kidogo au akipata homa tu utasikia "hayo ni meno ya plastiki, yang'olewe". Imani hii imeenea Tanzania na nchi nyingi za Afrika Mashariki, na wanachong'oa wale watu ni chembechembe ya jino la chonge ambayo haijatoka, kwa kitu kisichochemshwa. Mtoto anapata damu nyingi, usaha, pepopunda, wengine wanakufa, na aliyenusurika jino lake la ukubwani linaweza kutoka bovu au lisitoke.

Usimtukane bibi. Kaa nae, mwambie "bibi, njoo tuvishike pamoja", mvalishe glovu apitishe kidole chake mwenyewe kwenye ufizi, alafu mwambie huku kuharisha kuna dawa, maji ya chumvichumvi na zinki, na tunaanza sasa hivi. Bibi aliyeshika kwa mkono wake atakutetea mbele ya jirani, ila aliyekaripiwa anangojea urudi ofisini tu ampeleke mtoto pale pale ulipomkataza. Kimeo nacho vile vile, mtoto akikohoa wanasema kimeo kirefu kikatwe, kumbe kikohozi kiko kifuani. Kimeo kikiwa kimegawika mara mbili kwa kawaida hakina neno, ila mtoto maziwa yakimtokea puani apelekwe, pengine kaakaa limepasuka chini ya ngozi.

Jino alilozaliwa nalo mtoto likiwa linalegalega daktari alione kwa sababu anaweza kulivuta likaingia njia ya hewa. Likiwa imara na halimkati ulimi wala mama haumii kunyonyesha, liacheni.

Watafuna tambuu na wabana kuberi

Kinywa cha mtafuna tambuu huwezi kukikagua ulivyokikuta. Rangi ya popoo na katu imefunika kila kitu, mtu anaandika "wekundu, uvimbe" kumbe ni rangi. Msukutulishe mpaka maji yatoke meupe, ukipata dakika tano za mazungumzo si hasara. Alafu muulize, "bibi, unaibana upande gani?" Hatokujibu kwa maneno, ataisukuma shavu kwa ulimi pale anapoiweka miaka yote, na hapo hapo ndo pa kutazama. Ngozi ya hudhurungi inayochunika kwa gozi ni mabaki na msuguano, ikitoka pakawa pazima chini yake ni sawa.

Ambayo sio sawa: shavu limekuwa jeupe na limekakamaa, ukilishika kwa vidole viwili unasikia kamba ndani, pilipili kidogo tu inamuunguza, na mdomo haufunguki vizuri. Mwambie aingize vidole vyake vitatu vilivyosimama kati ya meno ya juu na ya chini. Mtu mzima kwa kawaida vinaingia. Visipoingia mwandikie rufaa, mana hali hii inaweza kugeuka saratani, na popoo yenyewe inasababisha saratani hata bila ya tumbaku ndani yake, shirika la utafiti wa saratani la WHO limeshaliweka wazi hilo toka 2004. Wengi wanajitetea "mimi sitii tumbaku". Mwambie kwa upole kwamba utetezi huo haupo.

Anayebana kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni) tazama mfereji kati ya mdomo na ufizi, utaona ngozi nyeupe ya mikunjo. Akiacha aghlabu inapungua wiki kadhaa baadae, isipopungua au ikiwa na wekundu ndani yake, rufaa.

Namna ya kuandika

Wengine mtakuwa mmefundishwa mwongozo wa Eilers wa 1988 wa kukagua kinywa, sehemu nane, alama moja mpaka tatu kila moja, jumla 8 (kinywa kizima) mpaka 24 (kibaya kabisa). Mzuri kwa wagonjwa wa saratani wanaounguzwa kinywa na dawa, lakini usitegemee utakwambia uvimbe ni wa nini, mtu mwenye nundu ya mfupa kwenye kaakaa anaweza kupata 8 safi kabisa.

Kwenye faili usiandike jina la ugonjwa, sisi hatutoi majina. Andika ulichokiona: mahala, upande, ukubwa kwa milimita, rangi, kinafutika au hakifutiki, kinapotea ukivuta au la, laini au kigumu, kina muda gani kwa maneno yake mgonjwa. "Weupe mdomoni" hayamsaidii mtu. "Baka jeupe 8 mm, ubavu wa ulimi kushoto, halifutiki, kingo ngumu, anasema tangu kabla ya Idi kubwa" yanamfanya daktari ainuke kwenye kiti. Na tarehe ya kuangaliwa tena iandikwe kwenye kadi anayoondoka nayo mgonjwa, kwa herufi kubwa, manake wa kisiwa cha Kojani akishavuka kurudi kwao atakaemuona baada ya wiki mbili ni nesi mwengine kwenye kituo chengine, na faili letu limebaki huku.